Kulala peke yako porini: Swali la kijana wa Mpanda

  

Ndugu msomaji, Ijumaa moja ya kiangazi mjini Mpanda tulikuwa tumeketi barazani mwa msikiti baada ya swala, walipotujia watu watatu wa nyumba moja: baba, mama na kijana wao wa kiume ambaye amekwisha kuajiriwa na anajitegemea. Kijana alitupa mkono, akatuamkia, kisha akainamisha kichwa. Aliyesema ni baba yake.

"Ustadhi, huyu mwanao anataka kwenda kulala porini."

"Peke yake," akaongeza mama mtu.

Tulipouliza kwa shughuli gani, tukaambiwa hakuna shughuli. Haendi kuwinda, haendi kurina asali wala kutafuta dhahabu. Ameona katika simu yake jinsi vijana wa Ulaya na Marekani wanavyobeba shanta mgongoni siku ya Ijumaa jioni, wakaingia msituni mmoja mmoja, wakafunga machela baina ya miti miwili na kulala humo siku mbili, kisha wakarudi kazini Jumatatu wakiwa wameburudika. (Machela tunayoisema hapa si ile ya kubebea wagonjwa hospitalini. Ni kitambaa au wavu unaoning'inizwa kwa kamba, mtu akalala ndani yake kama mtoto katika mbeleko.) Kijana alikwisha kumpelekea fundi cherehani kitambaa cha nailoni, na machela ilikuwa tayari. Kilichokosekana ni radhi ya wazazi.

Kijana aliuliza kama ni haramu. Mama yake naye akauliza swali lililotukaa moyoni zaidi: je, akimkatalia mtoto mtu mzima jambo la halali, atakuwa amemdhulumu? Tuliwajibu kwa haraka, maana watu walikuwa wengi, na tulipofika nyumbani tukaona kuwa jibu letu halikutosha. Makala haya ni deni tunalolilipa.

Tuanze kwa kusema kwamba kulala porini si jambo geni kwa watu wa Mpanda. Mji huu umezungukwa na misitu ya miyombo na mininga, na wazee wa Kikonongo, Kibende na Kipimbwe wamekuwa wakiingia humo tangu enzi na enzi kutundika mizinga ya magome juu ya miti na kurudi kurina baada ya masika kwisha. Warina asali hulala kambini siku nyingi, na wengine hutembea mchana kutwa kutoka mzinga hadi mzinga bila ya kukutana na mtu. Mwenyezi Mungu ametaja katika Suratun Nahl, aya ya 68 na ya 69, kwamba alimfunulia nyuki afanye makazi yake milimani, mitini na katika vile wanavyojenga watu, na kwamba katika kinywaji kitokacho matumboni mwao mna ponyo kwa watu. Kwa hiyo mtu wa Mpanda anayemcheka kijana huyu na kusema kuwa ameiga Wazungu, amewasahau babu zake. Tofauti iliyopo ni kwamba babu alikwenda kwa ajili ya asali, na kijana anakwenda kwa ajili ya utulivu.

Lakini babu hakuwa akiondoka ovyo. Misafara ya watu wa pwani iliyopita nchi hizi katika karne ya 19, ikitoka Bagamoyo kupitia Tabora kuelekea Ziwa Tanganyika, ilikwenda kwa makundi yenye kirangozi mbele. Jua lilipokaribia kuchwa walijizungushia boma la miiba. Watu wale wengi wao walikuwa Waislamu, na hapana shaka kuwa walilijua fundisho la Mtume (S.A.W.) lililopokewa na Abu Daud, kwamba watu watatu watokapo safarini wamfanye mmoja wao kuwa kiongozi.

Basi hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha swali. Imamu Bukhari amepokea kutoka kwa Abdullah bin Umar (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alieleza kuwa lau watu wangeyajua anayoyajua yeye katika upweke, basi asingesafiri mpanda mnyama yeyote usiku hali ya kuwa peke yake. Imepokewa pia na Abu Daud na Tirmidhi hadithi inayomfananisha msafiri wa peke yake na shetani, na wawili na mashetani wawili, na kwamba watatu ndio msafara. Na katika Musnad ya Imamu Ahmad, kutoka kwa Ibn Umar huyo huyo, imekuja kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza upweke wa namna mbili: mtu kulala peke yake na kusafiri peke yake. Hadithi hii ya mwisho inamgusa kijana wetu kwa pande zote mbili.

Mtu akiishia hapa atasema jambo limekwisha, ni haramu. Lakini maulamaa hawakuishia hapa. Imamu Bukhari mwenyewe, katika mlango aliouweka kuhusu kwenda peke yako, ameiweka hadithi hii ya Ibn Umar pamoja na hadithi ya Jabir kuhusu Zubair bin Awwam (R.A.), ambaye siku ya vita vya Handaki alijitolea mara tatu kwenda kuleta habari za maadui, na Mtume (S.A.W.) akamsifu. Imamu Tabari, kama alivyonukuliwa na Ibn Hajar katika Fat-hul Bari, ameeleza kuwa makatazo haya ni ya adabu na maelekezo kwa ajili ya kuhofia ukiwa unaompata mtu wa peke yake, wala si ya uharamu. Wakapambanua baina ya mwenye moyo thabiti anayeijua njia na mwenye moyo dhaifu ambaye woga na mawazo vinaweza kumshinda akiwa gizani. Na aliye peke yake akiugua au akifa, hana wa kumhudumia, wa kumwosha wala wa kuchukua wasia wake.

Nasi tunasema haya tukiwa na ushahidi wa nafsi yetu, ingawa hauturembi. Miaka mingi iliyopita, tukiwa na umri kama wa kijana huyu, tuliondoka Mpanda kwenda kuitafuta kambi ya warina asali tuliyoelekezwa kwa mdomo tu. Nyumbani tulisema tunakwenda "huko mbele". Saa za alasiri njia tuliyokuwa tukiifuata iligawanyika mara tatu kisha ikapotea kabisa katika majani marefu, na tulipogeuka nyuma hatukuweza kuitambua tuliyojia. Msitu wa miyombo una tabia hiyo: kila upande unafanana na mwingine. Tulilala katika panda ya mti, tukijifunga kwa shuka tusianguke. Hatukuona simba wala tembo. Tulichokiona ni fikra zetu wenyewe, na tunakiri kwamba ilipofika usiku wa manane tulisikia tukiitwa kwa jina letu, na kidogo tuitike na kushuka. Asubuhi tukasikia mlio wa shoka, tukaufuata, tukaokoka kwa rehma za Mola.

Tuliporejea siku ya pili jioni tulimkuta marehemu mama yetu ameketi mlangoni. Hakusema neno. Aliinuka, akaingia ndani, akatuletea maji ya kuoga. Baadaye ndipo jirani alipotueleza kuwa hakuwa amelala wala kula tangu tulipoondoka, na kwamba wanaume wanne wa mtaa walikuwa wamekwenda kututafuta upande usio wetu, kwani hakuna aliyejua tumeelekea wapi.

Kwa hiyo mama wa kijana asidhani kuwa hofu yake ni upungufu wa imani. Tunajua kisa cha mtu aliyemjia Mtume (S.A.W.) akitaka ruhusa ya kwenda jihadi, akaulizwa kama wazazi wake wako hai. Aliposema wako hai, akaelekezwa afanye jihadi yake kwao. Kisa hiki kimepokewa na Bukhari na Muslim. Ikiwa ibada ile ilisubiri kwa ajili ya wazazi, matembezi ya kujiburudisha yanaweza kusubiri. Mama anayekataa kwa kuhofia madhara ya kweli hajadhulumu. Ila na yeye aangalie: hofu ya kweli inasikiliza maelezo na inakubali sharti likitimizwa, na mzazi anayekataa tu kwa kuwa jambo hilo ni jipya machoni pake anamfundisha mwanawe kuondoka kwa siri.

Na kupenda utulivu si aibu. Bibi Aisha (R.A.) amesimulia, katika hadithi ya mwanzo wa Wahyi iliyomo katika Bukhari, kwamba Mtume (S.A.W.) alipendezeshewa upweke, akawa anakwenda katika pango la Hira kwa siku kadhaa akifanya ibada. Watu wengi hulisimulia pango, wakakisahau chakula. Hadithi inaeleza kwamba alikuwa akichukua masurufu ya siku hizo, na yanapokwisha hurudi kwa Bibi Khadija (R.A.) akachukua mengine. Maana yake ni kwamba nyumbani walijua yuko wapi, amekwenda kwa siku ngapi na amebeba nini. Mkewe ndiye aliyekuwa akimwandalia. Hatukuisoma hivyo hadithi hii mpaka tulipokumbuka uso wa mama yetu pale mlangoni.

Hivyo basi jibu letu kwa kijana, baada ya kulitafakari, ni hili. Kwenda peke yake kabisa, asijulikane alipo, katika pori lenye wanyama wakali, hatulipendi, na kama dhana yenye nguvu ni kwamba ataangamia, basi lina hukumu ya Suratul Baqara, aya ya 195, inayokataza watu kujitia katika maangamizi kwa mikono yao. Kwenda na wenziwe wawili ndiyo Sunna na ndilo tunalolishauri. Wakifika huko kila mmoja anaweza kufunga machela yake mbali kidogo na mwenzake, akakaa kimya chake mpaka asubuhi. Upweke huo unatosha kwa mwenye kuutaka.

Aangalie pia anakwenda wapi. Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 4,471, lango lake liko Sitalike, kiasi cha kilomita 35 kusini mwa Mpanda. Humo haingii mtu bila kibali, hatembei kwa miguu bila askari mwenye silaha, na halali popote ila katika kambi zilizotengwa. Misitu ya akiba nayo ina wenyewe na ina vibali vyake. Kuruka taratibu hizi kwa kisingizio kuwa ardhi ni ya Mungu ni kujidanganya. Aende kijiji ambacho wenyeji wanamjua, aonane na mwenyekiti, amchukue mrina asali mmoja awe ndiye kiongozi wa msafara wao, na amlipe haki yake.

Kabla ya kuondoka aandike. Katika hadithi ya Ibn Umar waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) alieleza kuwa haimpasi Mwislamu mwenye kitu cha kuusia alale mikesha miwili ila wasia wake uwe umeandikwa kwake. Mikesha miwili ndiyo safari yenyewe ya kijana huyu! Aandike madeni yake na amana za watu, na katika karatasi nyingine aandike njia atakayopita, jina la kijiji, na saa ambayo asipoonekana Jumapili watu waanze kumtafuta. Simu asiitegemee, kwani mtandao hukatika mapema. Kisha awaage watu wake kwa dua ya msafiri, awakabidhi kwa Mwenyezi Mungu, ambaye amana zilizowekwa kwake hazipotei.

Hapa kuna jambo ambalo hatuwezi kulipita, maana linahusu nchi hii yenyewe. Jina la Katavi linatokana na simulizi za Wabende kuhusu mzimu uitwao Katabi, ambao inasemwa makazi yake ni katika mkwaju ulio karibu na Ziwa Katavi. Watu wamekuwa wakiweka sadaka chini ya mti huo, wakiomba baraka na usalama. Tunawaheshimu wazee wetu, na hatuandiki haya kuwadhihaki. Lakini wasomaji wetu wanajua, na wengine wamefanya, kwamba Mwislamu anayeswali swala tano hufika mahali pa namna ile, akaangalia kulia na kushoto, akatupa sarafu. Anasema moyoni: haina madhara, ni tahadhari tu.

Warabu kabla ya Uislamu walikuwa na tahadhari hiyo hiyo. Wafasiri wa Qur'ani wanaeleza, katika kuifasiri aya ya 6 ya Suratul Jinn, kwamba mtu wa zama za ujahili alipoingia bonde la ukiwa usiku, alikuwa akiomba hifadhi kwa bwana wa bonde lile, yaani mkubwa wa majini wake, ili amlinde na wapumbavu wa kundi lake. Aya inaeleza kwamba jambo hilo halikuwaongezea ila madhila. Kisha Uislamu ukaja na badali yake. Bibi Khawla bint Hakim (R.A.) amepokea kutoka kwa Mtume (S.A.W.), na hadithi iko katika Sahih Muslim, kwamba mwenye kushuka mahali akajikinga kwa maneno ya Mwenyezi Mungu yaliyotimia kutokana na shari ya alivyoviumba, hakitamdhuru kitu mpaka aondoke mahali pale. Dua hii ni fupi, watoto wetu wanaihifadhi madrasa. Inasemwa mtu anapotua mzigo, kabla ya kufungua shanta, kabla ya kufunga kamba ya kwanza. Usiku ule tulipokuwa katika panda ya mti tulikuwa tunaijua, na hatukuikumbuka mpaka tulipoisikia ile sauti.

Sasa tuingie kambini, maana mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kuhusu kulala nje ni ya kushangaza kwa jinsi yanavyoliafiki pori la Katavi. Abu Huraira (R.A.) amepokea, na hadithi iko katika Sahih Muslim, kwamba watu wanaposhuka usiku kupumzika waiepuke njia, kwa kuwa njia ndiyo mapito ya wanyama na maficho ya wadudu wakati wa usiku. Mtu wa Sitalike haitaji mhadhara kuhusu hadithi hii. Viboko wa Mto Katuma hushinda majini mchana na hutoka usiku kwenda kula majani, nao hufuata njia zao zile zile zilizochimbika kwa miguu. Njia ya kiboko mchana inapendeza: safi, tambarare, haina miiba, na mgeni huiona ni mahali pazuri pa kufunga machela. Aliyelala baina ya kiboko na maji yake amelala mahali pabaya kupita pote. Kiangazi kinapokolea na mto ukabaki madimbwi, viboko husongamana humo na mamba hujificha katika mapango ya kingo za udongo. Basi kambi iwe mbali na maji, na maji yachotwe mchana.

Miti ya kufungia iwe hai na minene, na mtu atazame juu yake kwanza kama kuna tawi kavu au mzinga wa nyuki. Machela isifungwe juu sana. Imekuja hadithi katika Abu Daud kwamba anayelala juu ya paa lisilo na kizuizi dhima imemwondokea, na tunaona machela iliyofungwa juu ya kimo cha mtu ina maana ile ile. Urefu wa goti watosha. Tena kuna ile Sunna ya kukung'uta kitanda kwa upindo wa nguo kabla ya kulala, kwa sababu mtu hajui nini kimeingia baada yake. Mjini tumeifanya kuwa desturi tupu, lakini porini mtu hukung'uta akamwona nge anaanguka. Vivyo hivyo kufunika vyombo na kufunga midomo ya vyombo vya maji. Ama mbung'o, hao hawana dua mahsusi tunayoijua. Mitego ya kuwanasia hutengenezwa kwa vitambaa vya buluu na vyeusi kwa kuwa rangi hizo huwavuta, hivyo kijana aiache nyumbani fulana yake ya buluu, asijifanye mtego.

Kuna suala la moto, na hili liliwahi kutusumbua. Mtume (S.A.W.) alikataza kuacha moto ukiwaka majumbani wakati wa kulala, na siku nyumba ilipoungua Madina usiku pamoja na watu wake aliueleza moto kuwa ni adui. Warina asali kwa upande wao wanasema moto usiku ndio mlinzi. Imamu Nawawi ameeleza, akizungumzia taa zinazotundikwa misikitini, kwamba sababu ya katazo ni hofu ya kuenea kwa moto, na ikiwa hofu hiyo haipo basi hapana ubaya. Kwa hiyo wenye kuwasha wafyeke majani pande zote, wachimbe kishimo, na wakeshe kwa zamu. Hilo nalo linahitaji watu zaidi ya mmoja. Wakirina asali wasiwateketeze nyuki kwa mienge, kwani nyuki ni katika wale wanne waliotajwa katika hadithi ya Ibn Abbas (R.A.) kuwa wasiuawe. Na katika haja zao wajiepushe na kivuli, njia, maji yaliyotuama na mashimo ya ardhini, kama zilivyotufundisha hadithi.

Swala ndiyo iliyomfanya kijana acheke siku ile, maana alituuliza kama anaweza kuswali ndani ya machela. Hawezi. Mwenye uwezo wa kusimama huswali faradhi amesimama, na usingizi wa mtu aliyejinyoosha humo umevunja udhu. Kuhusu kupunguza, wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii wanataka safari iwe na mwendo wa marhala mbili, ambao wa zama hizi wameukadiria kuwa kilomita 80 na ushei. Anayeishia jirani na Sitalike ataswali rakaa nne kamili. Anayekwenda misitu ya upande wa Inyonga, zaidi ya kilomita 100, atapunguza. Na wameweka sharti kwamba msafiri ajue anakokwenda tangu mwanzo. Anayetangatanga tu pasipo mwisho maalumu hana ruhusa hiyo. Ijumaa asiondoke baada ya alfajiri mpaka aswali, ila kama ataipata swala ya Ijumaa njiani.

Kibla cha Mpanda ni kaskazini, kwa kuelemea mashariki kidogo. Miezi ya Juni na Julai jua la adhuhuri husimama upande wa kaskazini na kivuli hulala kusini. Kivuli hicho cha adhuhuri ni kirefu, zaidi ya nusu ya kimo cha mtu, nacho lazima kiongezwe katika kuhesabu alasiri, vinginevyo ataiswali kabla ya wakati wake. Usiku ausake Msalaba wa Kusini, aupe kisogo. Akikosa maji, au akiyaona lakini mamba ameyazuia, au akiyahitaji kwa kunywa, atatayamamu kwa udongo safi wenye vumbi, na vumbi la Mpanda wakati wa kiangazi halihitaji kutafutwa.

Na aadhini, hata kama hakuna wa kumjibu. Abu Said al-Khudri (R.A.) alimwona mtu anayependa mbuzi na nyika, akamuusia kwamba awapo huko anyanyue sauti yake kwa adhana, kwani hakuna jini wala mtu wala kitu chochote kinachoisikia sauti ya mwadhini ila kitamshuhudia siku ya Kiyama. Akasema kuwa ameyasikia hayo kwa Mtume (S.A.W.). Hadithi hii imo katika Bukhari.

Wazazi wenye mabinti watatuuliza, na tunajua watatuuliza kwa ukali. Binti hasafiri pasi na maharimu wake, na hilo halina mjadala katika makala haya. Lakini baba anaweza kwenda na jamaa nzima, hema la wanawake upande mmoja na la wanaume upande mwingine, nao mabinti wakaona nyota kama kaka zao. Hatujaona dalili yoyote inayosema kuwa utulivu wa msitu umeumbwa kwa wavulana peke yao.

Majuma matatu baada ya siku ile ya barazani, kijana alitujia na karatasi mbili mkononi. Alikwisha kuyaandika madeni yake (yalikuwa mawili, moja la fundi cherehani) na alikwisha kuchora njia. Alikuwa amepata wenzake wawili, mmoja wao mwana wa mrina asali. Mama yake alikuwa amempa unga, chumvi na dagaa, na amemwambia kuwa Jumapili magharibi ikiingia kabla hajarudi, atakwenda mwenyewe kwa mwenyekiti.

Waliondoka Ijumaa baada ya swala. Jumapili saa kumi jioni tulipigiwa simu kwamba wamekwisha kufika, na kwamba kijana ana alama ya kuumwa na nyuki juu ya jicho, na amemletea mama yake kidumu cha asali. Baba ndiye aliyepiga simu. Alipomaliza kutoa habari alikaa kimya kidogo, kisha akatuuliza kama tunamjua fundi awezaye kushona machela ya mtu mzito.

Wabillahi tawfiq.